Nusu Saa Iliyokosekana Daftarini

Jina lake halisi lilijulikana na ofisi ya mishahara peke yake. Watu wengine wote chuoni, kuanzia mkuu wa idara hadi bawabu wa lango la nyuma, walimwita Mama Milimita, naye aliliitikia jina hilo bila kinyongo kwa kuwa alijua lilikotoka. Lilitoka kwenye rula ya chuma, ndefu kidogo tu kuliko kiganja, aliyoivaa shingoni kwa uzi kama wengine wanavyovaa miwani. Kila mwaka wanafunzi wapya walipofundishwa kupima upana wa duara kwenye visahani vya kuoteshea bakteria, hakukosekana mmoja wa kusema, “Kumi na tano hivi, Mama.” Naye angemtazama kwa utulivu wa mtu mwenye siku nzima mbele yake.

“Hivi ni ngapi?”

Mwanafunzi angecheka, wenzake wangecheka, yeye asicheke. “Nionyeshe hivi kwenye rula, nami nitaiandika.”

Alikuwa fundi wa maabara ya mimea, chumba kirefu cha ghorofa ya chini chenye meza tatu za saruji, sinki mbili ambazo moja yake ilivuja tangu zamani za kale, na madirisha yaliyoangalia ukuta wa nyuma wa chuo. Kazi yake ilikuwa kukausha, kuponda, kupima kwenye mizani, kuchemsha, kuchuja, kuosha vioo na kuandika alichokiona. Kufikiri, kwa mujibu wa barua yake ya ajira, kulikuwa kazi ya wengine. Wengine hao walikuja, wakapata shahada zao kutokana na vioo alivyoviosha, wakaenda zao. Baadhi yao walirudi wakiwa na matumbo ya heshima na kumwuliza kama bado yupo, swali ambalo alilijibu kwa kuendelea kuosha.

Hakuwa na shahada. Alikuwa na cheti cha miaka miwili na daftari arobaini na moja zenye majalada meusi, zilizopangwa kwa mwaka katika kabati la vioo kando ya mlango. Aliyetaka kujua mama huyu anajivunia nini hakuwa na haja ya kuuliza mara mbili. Angelielekezea kabati lile kidole. Humo ndani, alipenda kusema, hamna tarakimu ambayo macho yangu hayakuiona kwanza.

Daftari hizo zilikuwa za aina moja, zimechapwa na chuo chenyewe. Chini ya kila ukurasa kulikuwa na sentensi isiyobadilika: *Nimesimamia kazi hii mwanzo hadi mwisho, sikuondoka mezani.* Kisha mstari wa sahihi. Sentensi hiyo ilizaliwa na moto. Kabla Mama Milimita hajaajiriwa, fundi mmoja aliacha spiriti juu ya jiko akaenda kupiga soga, na nusu ya dari ikateketea. Tangu hapo kuacha meza kabla ya kazi kwisha lilikuwa kosa la kufukuzwa, na sahihi ya chini ya ukurasa ndiyo iliyokuwa kiapo.

Mti uliomletea fahari na, miaka thelathini na mmoja baadaye, uliomtikisa, ulikuwa mlonge, ule ambao wengine huuita mzunze. Ni mti usio na makuu. Una majani madogo kama sarafu, maua meupe, na maganda marefu yanayoning'inia kama fimbo za ngoma zilizosahauliwa juu. Nyumbani kwake aliupanda mmoja nyuma ya bafu, ukastawi kwa maji ya kuogea. Na kwa kuwa mtaa ulijua anafanya kazi mahali panapochunguzwa dawa, watu hawakuisha mlangoni.

Mshonaji wa jirani alimwambia siku moja kwamba amesikia mlonge unatibu magonjwa mia tatu. Mama Milimita akamwomba amtajie mia moja ya kwanza. Mshonaji alijitahidi akafika kumi na tisa, na katika hayo alikuwa ameshaingiza uvivu wa mkwewe na kuota ndoto mbaya. Wote wawili wakacheka, kisha yeye akamweleza pole pole, kama alivyowaeleza wengi. Majani ni mboga njema kupita nyingi: yana protini, yana madini ya chuma na chokaa, yana ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ukiyakausha kivulini badala ya juani rangi hiyo hubaki nyingi zaidi. Yana kwasetini na asidi ya klorojeniki, ambazo wataalamu wanazichunguza kuhusu sukari ya damu, na kuchunguza si kumaliza kuchunguza. Mizizi usiiguse, hasa ukiwa mjamzito. Na mwenye kidonda kibaya aende hospitali, mti hautakimbia, ataukuta.

Watu wengine waliondoka wamenuna, maana walikuja kutafuta muujiza wakapewa mboga. Hilo halikumsumbua. Kutia chumvi aliwaachia wanaouza unga wake barabarani.

Jambo moja tu kuhusu mti ule alilisema kwa kifua mbele, kwa sababu alilipima mwenyewe. Yeye akiwa na miaka michache kazini, Profesa wa wakati ule, mzee mrefu aliyekohoa kabla ya kila sentensi, alimkabidhi kazi ya mbegu za mlonge. Aziponde, azitoe nguvu zake kwa spiriti ya moto, achuje, akaushe, kisha achovye vikaratasi vya duara na kuviweka juu ya bakteria wa vidonda walioota kwenye kisahani. Kesho yake, pale ambapo dawa ina nguvu, bakteria hufa na kuacha pete safi kukizunguka kikaratasi, na upana wa pete hiyo hupimwa kwa milimita. Aliifanya kazi hiyo siku ishirini na sita. Pete hazikupungua milimita kumi na tisa wala kuzidi ishirini na mbili. Kikaratasi cha spiriti tupu hakikuacha pete yoyote. Profesa alikohoa, akatazama, akaandika makala, na makala ikasomwa mbali. Jina la fundi halikuwamo. Yeye aliinunua nakala moja, akaifungia kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka chini ya nguo zake za sherehe.

Profesa alikwisha fariki. Makala ilibaki, na daftari ya nne ikabaki kabatini.

Zikiwa zimebaki wiki saba astaafu, Daktari wa idara aliamua kutengeneza marhamu ya vidonda kutokana na mbegu za mlonge, na akaanza pale alipoishia Profesa. Daktari huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa miguu na wa maneno, ambaye enzi za uanafunzi wake alifundishwa na Mama Milimita kushika bomba la kunyonyea vimiminika bila kutetemeka. Alimheshimu, na hakumwita ila Mama. Ndiyo maana jambo lenyewe lilikuwa gumu. Daktari alirudia kazi ya daftari ya nne mara tisa, kwa mashine mpya ya kusagia iliyogeuza mbegu kuwa unga kwa kufumba na kufumbua bila kuhitaji maji, kwa spiriti safi kuliko ile ya zamani, kwa mizani inayopima hata pumzi. Mara zote tisa visahani vilitoka vimejaa bakteria kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna pete.

Mkuu wa idara alimwita Mama Milimita ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alizungukazunguka sana kwa maneno. Akasema zamani vifaa vilikuwa hafifu, akasema pengine bakteria wenyewe wamebadilika, akasema idara italazimika kuliandikia jarida lililochapa makala ya Profesa kwamba matokeo yale hayarudiki, kazi ikirudiwa hayatokei, na kwamba barua itaondoka mwisho wa mwezi. Hatimaye akasema, akiangalia kalamu yake, kwamba hakuna mtu anayedai tarakimu zile zilibuniwa.

Hapo ndipo alipojua kwamba ndicho wanachodai.

Alitoka ofisini mgongo umenyooka, akaupita ukumbi, akaingia maabara, akafungua bomba la sinki inayovuja na kunawa mikono isiyo na uchafu. Mtu anaweza kunyimwa cheo maisha yake yote na asiumie sana, kwa kuwa hakuwa nacho. Lakini tarakimu zile zilikuwa mali yake. Zikifutwa ishirini na sita, nani ataamini zilizobaki? Daftari arobaini na moja zingegeuka karatasi za kufungia vitu.

Alimwomba Daktari jaribio moja zaidi, kwa mikono yake mwenyewe na kinu chake cha zamani. Daktari alikubali mara moja, na furaha iliyokuwa usoni mwake ilimtuliza mama kidogo, maana ilionyesha kwamba hata yeye hakutaka barua ile iondoke. Kinu cha kauri kilikuwa bado kabatini, kimepasuka ukingoni. Alhamisi asubuhi, saa nne kasoro dakika kumi, alimenya mbegu, akazitia kinuni, akaongeza maji kidogo kama ilivyoandikwa, maana mbegu kavu hupaa na kuingia puani, akaponda mpaka zikawa uji mweupe. Daktari alisimama kando na spiriti ikiwa tayari inachemka. Uji ulipolainika tu, akaimwaga.

Kesho yake wakafungua kabati la joto walimoviweka visahani. Kukizunguka kikaratasi kulikuwa na kitu, lakini kitu chenyewe kilikuwa chembamba kama ukucha uliokatwa. Mama Milimita akaweka rula. Milimita nane, na kikaratasi peke yake kina sita.

“Mama,” Daktari akasema kwa upole, “nane si ishirini na moja.”

“Najua kuhesabu, mwanangu.”

Ilikuwa mara ya kwanza kwa sauti yake kuwa kali mbele ya Daktari, akajuta papo hapo. Siku hiyo alitoka kazini bila kuifuta rula kama ilivyokuwa kawaida yake. Njiani alianza kujishuku. Je, ilikuwaje kama Profesa alikuwa na hamu ya pete, naye, msichana mgeni kazini, akaziona pete kwa sababu zilitakiwa? Je, macho yanaweza kudanganya mara ishirini na sita kwa uaminifu kamili? Wazo hilo lilimkata maini kuliko maneno yote ya mkuu wa idara, kwa sababu mkuu alikuwa mtu wa nje, na hili lilitoka ndani.

Jumapili mchana walikuwa uani, wanawake watatu wa nyumba moja. Mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na mbili ambaye miguu ilikuwa imegoma lakini ulimi haukuarifiwa, alikaa kwenye kiti cha plastiki. Binti wa pekee wa Mama Milimita, fundi wa majokofu, alikuwa amefungua mota ya jokofu la mteja juu ya gunia na kuipuliza vumbi. Mama Milimita alikuwa akikunja nguo. Alikuwa amewaeleza habari yote tangu Ijumaa, na tangu Ijumaa binti alikuwa akitafuta namna ya kumchangamsha.

Bibi aliuliza ni kazi ipi hasa inayosemwa, maana kazi za mwanawe zote zilikuwa kuosha chupa. Akaambiwa ni ile ya mbegu za mlonge, mwaka ambao huyu fundi wa majokofu alizaliwa.

“Ahaa,” bibi akasema. “Ile ya ukuta.”

Hakuna aliyemwelewa. Binti akauliza ukuta gani.

“Ukuta wa nyuma, pale penye pengo. Si nilikuwa nakuleta wewe kila siku unyonye? Ulikuwa na miezi minne, kichwa kikubwa kama chungu. Maziwa ya kopo hutaki. Chupa hutaki. Basi nakubeba, nasimama jua linanichoma, mama yako anakuja mbio mbio anaangalia nyuma kama mwizi. Nusu saa. Mimi kazi yangu kuhesabu mabati ya kibanda cha bawabu. Arobaini na mawili.”

“Bibi, mabati unayakumbuka, dawa zako hukumbuki.”

“Dawa zangu haziezekwi juu ya kibanda.” Kisha akamgeukia mwanawe. “Na mtoto anakunja uso kila ukimshika shavu. Mikono umenawa, lakini ina ukali, kama umepikicha haradali. Nikakwambia, mwanangu, hiyo kazi itamuunguza mtoto.”

Mama Milimita alikuwa ameshika shuka kwa ncha mbili, na shuka ikabaki hivyo, nusu imekunjwa.

Alikuwa amesahau. Au tuseme, alikuwa amelificha jambo lile vizuri kiasi kwamba mwisho lilimpotea hata yeye. Kila siku katika siku zile ishirini na sita, akisha kuponda mbegu na kabla hajawasha jiko, alikiacha kinu mezani, akapita mlango wa stoo, akaenda ukutani kumnyonyesha mwanawe. Aliuchagua wakati huo kwa makusudi: moto ulikuwa haujawashwa, spiriti ilikuwa kwenye chupa iliyofungwa, hakuna kitakachoungua. Hata alipokuwa anavunja sharti alilivunja kwa uangalifu. Nusu saa baadaye alirudi, akawasha jiko, akamwaga spiriti, akaendelea. Na jioni akatia sahihi: *sikuondoka mezani*.

Nusu saa. Uji wa mbegu na maji kidogo, kinuni, kwenye joto la chumba.

Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, akashika tama. Yale aliyoyasikia kwa miaka mingi akiosha vioo nyuma ya mihadhara ya wengine yalianza kujipanga. Mbegu ya mlonge ina sukari iliyofungamana na salfa, kitu kilichotulia, kisichomdhuru bakteria yeyote. Katika chumba kingine kidogo, ndani ya mbegu hiyo hiyo, mna kimeng'enya, protini yenye kazi ya kukata. Mbegu ikiwa nzima, viwili hivyo havionani. Ukiiponda, kuta zinavunjika, na maji yakiwapo kimeng'enya kinaikata ile sukari, na kinachobaki ni isothiosianeti, kampaundi kali inayowasha ulimi, ndugu ya ile inayoipa haradali makali yake. Hiyo ndiyo inayoua. Lakini kazi hiyo inahitaji muda, na kimeng'enya ni kama ute wa yai: joto likikipata, kimekwisha. Daktari alisaga kavu na kumwaga spiriti inayochemka. Alikuwa anamuua mpishi kabla hajawasha jiko. Na Alhamisi ile, dakika chache za kuponda kwa maji ndizo zilizozaa milimita mbili za ziada.

Tarakimu zake zilikuwa za kweli. Kilichokuwa cha uongo ni sahihi.

Binti alikuwa ameacha mota. Alipoelezwa, alifuta mikono kwenye kitambaa.

“Kwa hiyo mimi ndiye kosa la maabara?”

“Wewe ndiye uliyekataa chupa,” bibi akasema.

Binti akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwa mama yake. Alisema kuna njia rahisi: amwambie Daktari asubiri nusu saa, basi, aseme amekumbuka kwamba zamani walisubiri. Nani atauliza walisubiri wakifanya nini? Mama Milimita hakuwa mtakatifu. Wazo lilimpitia, tena lilikaa kidogo. Wiki tano zilikuwa zimebaki. Pensheni ya mtu aliyekiri kosa la kufukuzwa ni jambo ambalo hakutaka kulifikiria kwa sauti. Lakini akaona pia kwamba akisema “tulisubiri”, atakuwa ametia tarakimu ndani ya daftari bila kuonyesha ilipo kwenye rula. Ingekuwa “hivi” yake ya kwanza.

“Walisubiri wakifanya nini,” alimjibu binti yake, “ndiyo jambo lenyewe.”

Jumatatu alivaa gauni aliloliweka kwa ajili ya sherehe ya kustaafu. Aliitoa daftari ya nne kabatini, akamwomba Daktari amfuate ofisini kwa mkuu wa idara, akaiweka mezani ikiwa wazi. Hakuketi alipokaribishwa. Akaeleza yote kwa mpangilio wa kazi ya maabara: alichofanya, saa ngapi, kwa muda gani, na alichoandika ambacho hakikuwa kweli. Mkuu wa idara aliuliza kama anaelewa uzito wa jambo hilo. Akajibu kwamba ndiye aliyelibeba, anaujua uzito wake. Akaomba mambo mawili. Kwanza, jaribio lifanywe tena na nusu saa ndani yake. Pili, matokeo yakiwa vyovyote, aruhusiwe kuandika ukurasa katika daftari ya nne.

Daktari aliuliza swali moja tu.

“Mama, kwa nini hukuomba ruhusa?”

“Niliomba. Waliniambia maabara si wodi ya wazazi.”

Mkuu wa idara alikuna kidevu, akasema atalitafakari suala la sahihi, na kwamba jaribio ni haki ya sayansi, halimhitaji yeye.

Saa nne kasoro dakika kumi walikuwa mezani. Safari hii Mama Milimita alikataa kugusa kitu. Aliyeponda ni Daktari mwenyewe, akielekezwa maji kiasi gani, uji uwe mzito kiasi gani. Ulipokuwa tayari, mama akamwambia achovye ncha ya kidole na kuonja. Daktari akaonja, akakunja uso kidogo. Wakakiacha kinu mezani, jiko halijawashwa, wakakaa viti viwili vya mbao bila kuondoka, wakizungumza habari za watu waliopita chumbani humo. Ilipotimia nusu saa mama akamwambia aonje tena. Daktari alikohoa, machozi yakamlenga, akakimbilia sinki.

“Ndiyo hiyo,” Mama Milimita akasema. “Mwanangu alinikunjia uso kwa ajili ya hiyo.”

Kesho yake asubuhi, Daktari alipofungua kabati la joto, mama alisimama akiwa ameelekea dirishani. Hakutaka kukitazama kisahani. Alivua rula shingoni, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu mwingine, akainyoosha nyuma ya mgongo wake. “Soma wewe. Mimi macho yangu yana upande wake.”

Nyuma yake rula iligonga kisahani kimoja, cha pili, cha tatu.

“Ishirini na moja,” sauti ya Daktari ikasema. “Ishirini na moja na nusu hivi.”

“Hakuna hivi.”

“Ishirini na moja, Mama. Visahani vyote vitatu. Ishirini na moja, ishirini, ishirini na moja. Cha spiriti tupu, hakuna.”

Nje, ukuta wa nyuma ulikuwa umezibwa pengo lake siku nyingi, na kibanda cha bawabu kilikuwa na paa jipya la vigae. Mama Milimita aliendelea kuutazama. Mabega yake, ambayo watu wa ukumbi ule waliyazoea yakiwa yameinama juu ya sinki, yalikuwa yamesimama kama ya mtu anayepigiwa saluti. Hakulia. Baadaye alimwambia binti yake kwamba alitaka kucheka kwa sauti, akaogopa kuvunja kioo.

Barua iliyoondoka mwisho wa mwezi ilikuwa nyingine kabisa. Ilisema kwamba matokeo ya zamani yanarudika, na kwamba hatua moja ilikosekana katika maelezo. Daktari alitaka jina la fundi liandikwe juu pamoja na lake. Mkuu wa idara akasema utaratibu hauruhusu. Daktari akasema basi utaratibu uandikwe upya. Mpaka siku ya kustaafu walikuwa bado wanabishana, na Mama Milimita aliwaacha wabishane. Kuhusu kosa lenyewe, mkuu wa idara alimwandikia onyo rasmi la kurasa mbili, likaingizwa katika faili lake wiki nne kabla ya faili hilo kufungwa. Aliomba nakala. Ipo sasa pamoja na makala ya Profesa, chini ya nguo za sherehe.

Marhamu haijapatikana bado. Kutoka kisahanini hadi kwenye ngozi ya mtu ni safari ndefu, na pengine bakteria wa kisahani hawana ukaidi wa wale wa mwilini. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia hivyo mshonaji wa jirani, aliyekuja akiwa amesikia ugonjwa wa mia tatu na moja umepatikana dawa.

Siku yake ya mwisho kazini, keki ikiwa mezani na wanafunzi wakimsubiri akate, alijifungia dakika chache na daftari ya nne. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu. Aliandika kwa mwandiko wake ule ule uliosimama wima:

*Katika kurasa ishirini na sita zilizotangulia, tarakimu zote niliziona kwa macho yangu. Sentensi iliyo chini yake si ya kweli. Kila siku saa nne na dakika tano niliondoka mezani kwenda ukutani kumnyonyesha binti yangu, na saa nne na dakika thelathini na tano nilirudi. Jiko lilikuwa halijawashwa.*

Chini yake ilikuwapo ile sentensi iliyochapwa, ikimngoja. Mama Milimita aliweka rula juu yake, akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka, kisha akatia sahihi.